Baba, huku hakuna mwenyekiti wa kitongoji

Tilbury, Ontario, Kanada
9 Septemba

Baba, shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Najua utacheka, lakini ndivyo ulivyotufundisha kuanza barua, na mpaka leo mkono unakataa kuanza vingine. Mama mpe shikamoo yake. Bibi mwambie "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, kwa sauti kubwa, upande wa sikio la kushoto.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu niliegesha gari kando ya shamba la watu ili nicheke kwa nafasi. Unauliza niko kijiji gani, kata gani, tarafa gani, na mwenyekiti wetu wa kitongoji ni nani, ili ukitaka kunitafuta ujue pa kuanzia. Swali hilo angeliuliza nani mwingine zaidi ya mtu aliyekaa na muhuri wa kitongoji miaka kumi na tano? Siku ile nilikujibu kwa haraka kwamba naishi manispaa, nikakusikia unamwambia Mama, "Mtoto yuko mjini." Hapo nilikudanganya bila kukusudia, na leo nina siku ya mapumziko, basi nikueleze vizuri.

Ukisikia manispaa wewe unaona Kigoma-Ujiji: soko la Mwanga, bodaboda, bandari, watu wanapishana mabega. Manispaa yangu inaitwa Chatham-Kent. Nayo ina kistari katikati ya jina kama yetu, ila kistari chetu kimeunganisha mji na mji, hiki cha kwao kimeunganisha mji na shamba. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 2,460, na watu ni kama 104,000 kwa sensa ya 2021. Zaidi ya nusu yao hawakai mji wa Chatham wenyewe. Wametawanyika kwenye miji midogo na kwenye mashamba ya mahindi, soya, ngano na nyanya. Naendesha nusu saa nzima naona shamba, mtaro, nyumba moja, shamba, mtaro. Wote hao meya wao ni mmoja.

Na ardhi yenyewe, Baba, imelala kama mkeka. Wewe uliyezoea kusema "ng'ambo ya kilima" ungepotea huku, maana kilima hakipo. Barabara zimenyooka kama zimepigwa rula. Mahindi yanayokuzidi kimo ni ya njano, mengi yanakwenda kwa mifugo na mengine kwenye kiwanda cha Chatham kinachoyageuza kuwa ethanoli ya kuchanganya na petroli. Mwaka wa kwanza niliomba mkulima mmoja aniuzie debe la unga wa ugali. Alinitazama kama nimeomba kunywa dizeli.

Sasa hiyo kata na tarafa. Zamani vilikuwepo vitu vya namna hiyo. Kaunti ya Kent ilikuwa na miji yake (Wallaceburg, Blenheim, Dresden, Ridgetown, Tilbury, Bothwell), ilikuwa na vijiji vilivyojitegemea, na ilikuwa na zile wanazoita township, ambazo mimi nazifananisha na kata ya mashambani yenye halmashauri yake: Dover, Raleigh, Harwich, Howard, Romney na nyingine. Jiji la Chatham lilikuwa peke yake. Ukihesabu na kaunti yenyewe, zilikuwa serikali 23. Miaka ya tisini serikali ya jimbo la Ontario ikaamua kupunguza halmashauri ili kubana matumizi, na kwa miaka michache zikashuka kutoka zaidi ya 800 jimbo zima mpaka chini ya 450. Wenyeji wa Kent na Chatham walipokosa kuelewana wao kwa wao, aliletwa kamishna akawaamulia. Tarehe 1 Januari 1998 wote 23 wakaamka wakiwa kitu kimoja.

Kwetu huko mambo yanakwenda kinyume. Nakumbuka 2012 Buhigwe ilipokatwa kutoka Kasulu, Uvinza ikatoka Kigoma, Kakonko ikatoka Kibondo. Ulichinja kuku. Ulisema serikali imesogea karibu, hakuna tena kupanda gari mpaka Kasulu kwa ajili ya karatasi moja. Wazee ninaowahudumia huku wanasema serikali yao imewasogelea mbali.

Kazi yangu unaijua: nawatembelea wazee majumbani, kuwaogesha, kuwapa dawa kwa wakati, kuwasikiliza. Kusikiliza ndiyo kazi kubwa ingawa hailipiwi. Wiki ya kwanza nilipewa karatasi imeandikwa Queen Street. Nikaenda Queen Street ya Chatham, nikagonga mlango wa mtu asiyehusika kabisa, mbwa akanipokea. Kumbe mgonjwa alikuwa Queen Street ya Tilbury, nusu saa kutoka pale. Miji ilipounganishwa kila mmoja ulibaki na mitaa yake, basi majina yanajirudia. Tangu siku hiyo sisemi naishi Chatham-Kent. Nasema Tilbury, kama wao wanavyosema.

Hilo jina la manispaa husikii mtu akilitaja nyumbani kwake. Liko kwenye magari ya polisi, kwenye ndoo za taka, kwenye bili ya kodi ya nyumba. Nina mzee mmoja karibu na Pain Court, sehemu iliyokuwa township ya Dover. Kule wanasema Kifaransa tangu enzi za mababu, na jina lenyewe maana yake ni mkate mfupi, wanasema kwa sababu zamani mkate ulikuwa haba. Huyu mzee akiona habari za baraza kwenye runinga husema, "Wale wa Chatham." Mimi humchokoza kwamba na yeye ni Chatham-Kent miaka zaidi ya ishirini na mitano sasa. Hujibu, "Mimi sijahama hata hatua moja. Ni wao waliohama, wakanijia juu ya kichwa."

Lakini nisiwape wazee haki yote, maana wewe hukunilea hivyo. Huo muungano una faida zake. Zimamoto ni moja, polisi ni wamoja, kadi ya maktaba niliyochukua Tilbury nakopea vitabu Wallaceburg. Kata ya watu elfu mbili isingeweza kumlipa mhandisi wake. Na huku bila mhandisi hukai, kwa sababu ya maji.

Hapa nitulie kidogo, najua utapenda. Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa kinamasi. Walichimba mitaro, wakafukia mabomba chini ya mashamba, na mahali pengine karibu na ziwa maji husukumwa kwa pampu yapande yatoke. Maji yako lazima yapite kwa jirani, ya jirani yapite kwa mwingine, mpaka mtoni au ziwani. Unakumbuka ugomvi wa mfereji ulioutatua wewe, wa yule wa juu na yule wa chini, miezi miwili watu hawasalimiani? Huku wanayo sheria yake nzima. Mkulima anaandika ombi kwa manispaa, baraza linamteua mhandisi, mhandisi anapima ni mashamba ya nani yanayomwaga maji kwenye mtaro ule, kisha anagawa gharama: wewe utalipa kiasi hiki, wewe kiasi hiki. Halafu wanaitwa wote kikaoni kuisikia ripoti. Asiyeridhika anakata rufaa, na rufaa ya kwanza husikilizwa na jopo ambalo kwa kawaida ni madiwani haohao.

Nilimpeleka mzee mmoja kwenye kikao kama hicho, nikakaa nyuma na koti lake mapajani. Baba, ilikuwa ni baraza letu la kitongoji tupu! Mmoja anasema maji yake hayaendi upande ule hata siku moja. Mwingine anasema baba yake alishalipia mtaro huo. Wa tatu hasemi kitu, amekunja mikono, unajua huyu ndiye atakayeleta taabu. Tofauti niliyoiona ni moja tu: diwani alilazimika kutazama ramani ili ajue shamba liko wapi. Baraza lililochaguliwa mwaka 2022 lilikuwa la madiwani 17 na meya, kwa nchi yote hii. Zamani, wananiambia, aliyekuwa anaamua mtaro alikuwa anaupita kila siku akienda kanisani. Hapo ndipo mimi nakubaliana na wazee.

Maziwa wanayo mawili. Upande wa kusini Ziwa Erie, upande wa magharibi Ziwa St. Clair. Hili la pili kina chake cha asili hakifiki mita saba. Nilipowaambia Tanganyika ina mita 1,470 walinyamaza kwa adabu, wakidhani nimekosea lugha. Lakini msicheke, hata maji mafupi yanaua. Mwaka 2020, Februari, Ziwa Erie lilipanda mpaka manispaa ikatangaza hali ya dharura, na watu wa barabara moja ya ufukweni wakaambiwa waondoke ili tuta liimarishwe. Ulinitumia picha za Kibirizi, pale kwetu kando ya Tanganyika, maji yamekaa sebuleni mwa watu, nikamwonyesha mwenzangu kazini. Akaniuliza hiyo ni Erie upande gani.

Jambo jingine nililotaka kukusimulia ni la wiki iliyopita. Ndani ya iliyokuwa township ya Raleigh kuna kijiji kinaitwa Buxton. Mwaka 1849 mchungaji mmoja, William King, mzaliwa wa Ireland, alifika hapo na watu weusi 15 waliokuwa watumwa wake, wengi wao aliwapata kwa ndoa na urithi huko Louisiana. Aliwaachia huru, akaomba ardhi. Watu waliotoroka utumwa Marekani wakafuata. Kila familia ilinunua ekari 50, dola mbili na nusu kwa ekari, kwa kulipa kidogo kidogo miaka kumi. Nyumba ilikuwa na masharti: ukubwa usipungue kiasi fulani, ikae mbali na barabara kwa kipimo kimoja, iwe na uzio mbele. Pori lenyewe, maji matupu, walilikausha wao kwa jembe na koleo. Shule yao ikawa nzuri hata wazungu wa jirani wakaleta watoto wao.

Tangu 1924 wajukuu wa watu hao hurudi kila mwaka mwanzoni mwa Septemba, wanatoka Detroit, Toronto na kwingine, wanakula, wanaimba, wanatembelea makaburi. Nilikwenda. Bado ipo kengele waliyotumiwa na watu weusi wa Pittsburgh mwaka 1850. Nilipoigusa nikakumbuka ulivyotupeleka Ujiji tukiwa wadogo, ukatuonyesha miembe, ukasema watu walipita hapa wamefungwa minyororo kwenda pwani, kisha ukatununulia soda ukawa huongei tena mpaka nyumbani. Mama mmoja aliponiona peke yangu aliniuliza natoka familia gani ya Buxton. Nikasema natoka Kigoma. Akaniwekea sahani akasema haidhuru, kula.

Bibi mmoja ninayemhudumia Raleigh, ana miaka 91, ndiye aliyenituma niende. Nyuma ya bahasha anazotuma bado anaandika Raleigh, na barua zinafika. Jioni nilipokwenda kumpa habari, nikamsimulia mambo yetu ya 1972: jinsi Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilivyofika Kigoma, jinsi mlivyoambiwa mtoke mlimani mje mjipange kando ya barabara, migomba na makaburi mkayaacha, paa likaezuliwa ili msirudi. Nilimwambia kama unavyosimulia wewe, pamoja na ile sehemu ya mbuzi aliyerudi peke yake. Alikuwa ananisikiliza huku anakunja taulo moja hilohilo. Kisha akaniuliza, "Kule mlimani palikuwa panaitwaje?"

Baba, nilikosa la kumjibu. Kijiji chetu nakijua, kata naijua, wilaya zote mbili, ya zamani na mpya, nazijua. Jina la kule juu sijawahi kulisikia kinywani mwako. Husema "kule" tu, na mkono unaonyesha.

Hela ya dawa ya Bibi nimeituma kwa simu ya Dada. Mwambie asubiri ujumbe kabla hajatoka nyumbani. Mama naye mwambie nikimpata mtu anayekuja Dar nitamwomba anipokelee dagaa, wasiwe na mchanga kama wa mara ile. Nawe ukinijibu usitumie sauti safari hii. Niandikie kwenye karatasi, Dada apige picha: jina la kule mlimani, herufi kwa herufi, kwa Kiha chake. Alhamisi napita tena kwa bibi wa Raleigh na ameshaniambia anasubiri.

Mwanao,
wa Tilbury