Barua kwa Neema: maziwa ya mama kule Nunavik

Montreal, Januari

Neema mpenzi,

Kwanza mfikishie Bibi shikamoo yangu, maana najua utamsomea. Mimi mzima, ila baridi inanitia adabu.

Uliuliza huku tunasoma nini. Wiki hii ni habari za Nunavik, kaskazini kabisa mwa Quebec, jimbo la Kanada, kwa Wainuit, wenyeji wa asili wa huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari Éric Dewailly alikuwa akipima sumu katika maziwa ya akina mama wa kusini. Akataka maziwa safi ya kulinganishia, akaagiza ya Nunavik, kusiko na viwanda wala barabara ya kufikia. Majibu yakaja kinyume: PCB, kemikali ya mafuta ya transfoma za zamani, ilikuwa kama mara tano ya ile ya kusini!

Kumbe sumu hizi penye joto hupaa, husafiri na upepo, zikikuta baridi zinatua. Maji haziyapendi, zinakimbilia mafuta. Samaki anazo kidogo, sili anayemla samaki anazo zaidi, na binadamu anayekula shahamu ya sili na nyangumi anapokea limbikizo lote. Mtoto ananyonya kilichobaki. Na usiseme waache nyangumi! Chakula cha dukani huja kwa ndege, bei haishikiki, na biskuti hazina chuma wala vitamini za nyama ile. Madaktari wenyewe waliwahimiza akina mama waendelee kunyonyesha.

Lakini kilichonikalisha niandike ni Nairobi. Mwaka 1999 mazungumzo ya mkataba wa kuzuia sumu hizo yalifanyika pale, na Sheila Watt-Cloutier, Mwinuit, akamkabidhi mkuu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, Klaus Töpfer, kinyago cha jiwe cha mama na mtoto. DDT, dawa ya kuua mbu, ilikuwa mezani, na nchi zenye malaria zilikuwa na hofu yao. Mama huyo akashikilia kwamba Wainuit hawatakubali mkataba unaohatarisha afya ya wengine. Mimi, sumu ikiwa kwenye maziwa yangu, sidhani ningekuwa na moyo huo. Mkataba ulitiwa saini Stockholm mwaka 2001, DDT ikaachiwa nafasi kwa ajili ya mbu na wadudu wengine waenezao magonjwa. Huko Nunavik PCB kwenye damu za akina mama imeshuka sana.

Dieldrin, dawa nyingine ya kuua wadudu, nayo ilikuwa kati ya sumu 12 za mwanzo za mkataba huo. Ndiyo iliyopulizwa majumbani Upare na Taveta miaka ya 1950. Muulize Bibi kama anawakumbuka wapulizaji, na kama vyombo vya chakula vilitolewa nje kwanza. Nijibu upesi, nina insha ya kuandika.

Wako,
Rehema