Ukimpenda mkimbiaji, kumbuka miguu yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mtu akiwa na ndugu au rafiki anayekimbia mbio ndefu, siku ya zawadi ikifika anawaza saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, tisheti, au fremu ya kutundikia medali, na mimi sikatai ni zawadi nzuri, lakini ile miguu iliyombeba kilomita 42.195 za marathon hakuna anayeiwazia.

Mimi mwenyewe nimeamshwa na mke wangu. Nilirudi toka marathon yangu ya pili nikakaa chini, nikashindwa kuvua soksi ya kulia, lengelenge lilikuwa limepasukia kisiginoni na soksi ikagandana na nyama kabisa. Soksi yenyewe ya pamba, nene. Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akauloweka mguu na soksi yake mpaka ikaachia yenyewe, wala hakusema neno. Besdei yangu ilipofika akanipa kiboksi, ndani kuna pea tatu za soksi za kukimbilia, kopo la mafuta ya mgando, plasta ya kitambaa na kikata kucha imara. Sijawahi kupewa zawadi iliyonigusa kama ile.

Pamba inanyonya jasho inabaki nalo, ngozi ikishalowa inalainika, sasa isuguliwe na kiatu masaa manne mfululizo, malengelenge yataacha kutoka? Soksi za sufu laini ya kondoo wa merino au za nailoni na poliesta zinakauka haraka, na kama mtu wako anaumiaga katikati ya vidole mtafutie zile zenye vidole vyake kama glavu. Mafuta ya mgando anapaka kabla ya kuvaa, sehemu zinazosuguana tu.

Raba naomba sana msinunue kwa kumshtukiza. Mguu unavimba ukikimbia muda mrefu, inatakiwa mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba, vinginevyo kwenye mteremko vidole vinagonga mbele, damu inavilia chini ya kucha inakuwa nyeusi na baadae kucha inang'oka. Nendeni wote, jioni, akiwa na soksi anazokimbilia, wewe ulipe.

Najua kuna watakaosema mbona Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alishinda marathon ya Olimpiki kule Roma 1960 akiwa peku. Ni kweli, nami namheshimu sana, ila nyayo zake zilishazoea kukimbia peku mazoezini, na 1964 Tokyo alishinda tena, safari hii kavaa viatu.

Kitu kingine ni kumlipia mtu akasuguliwe miguu wiki ya mbio. Nia njema lakini mnamuumiza, ile sugu ndo ngao yake, ikikwanguliwa yote anaingia barabarani na ngozi laini kama ya mtoto. Mlipie baada ya mbio. Kucha nazo akate siku kadhaa kabla, zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembeni, ndo maana nasema kikata kucha kizuri ni zawadi kamili.

Vidogo vidogo vipo pia, taulo dogo la miguu peke yake maana fangasi wanapenda unyevu katikati ya vidole, au kimpira kigumu cha kuviringisha chini ya unyayo asubuhi kwa wale wanaoamka kisigino kinachoma. Ila mwenye kisukari kidonda cha mguuni akimbilie kwa daktari, asijitibu na vitu vya kwenye kiboksi.

Na chochote mtakachonunua mpeni mapema, kama mwezi hivi kabla ya mbio, soksi mpya azivae kwanza kwenye mazoezi marefu mara mbili tatu azijue zinambana wapi, siyo azifungue kwenye pakiti alfajiri ya siku ya mbio.

Msomaji wako,
Mkimbiaji