Risala ya Klabu ya Biolojia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi, shikamooni.

Daktari, tunakushukuru kwa kuwaacha wagonjwa wako asubuhi hii ukaja kutusikiliza. Mwaka huu klabu yetu imejadili jambo moja tu: jeni huwashwa na kuzimwa vipi ubongo unapojengeka, na vipi unapoumia.

Seli ya ubongo na seli ya ini zina jeni zilezile, takriban 20,000 zinazotengeneza protini. Ni kitabu kimoja cha mapishi, ila kila seli hufungua kurasa zake. Kwa mtoto aliye tumboni kazi hiyo huanza mapema mno. Mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati kina mama wengi hawajajijua. Kwa hiyo anayeanza kliniki mwezi wa nne, vidonge vya kuongeza damu vitamfaa kwa damu, lakini foliki asidi iliyomo, yaani vitamini B9, imechelewa kuzuia mgongo wazi. Viwanda vikubwa huongeza foliki asidi kwenye unga. Unga wa mashine za mtaani, tunaoula wengi wetu, kwa kawaida hauna.

Kuhusu majeraha, barabara zetu zinatufundisha bila kuombwa. Majaribio ya panya yanaonyesha kuwa ubongo ukijeruhiwa, jeni ya c-fos huwaka ndani ya saa moja. Kisha seli za astrosaiti, zinazozihudumia seli za neva ubongoni, huongeza protini ya GFAP na kujenga kovu. Kovu hilo huzuia madhara yasisambae, na papo hapo huwa kizuizi kwa neva zinazotaka kuota. Neva ya mkono ikikatwa, jeni ya GAP-43 iliyofanya kazi sana utotoni huamka tena, na neva huota kama milimita moja kwa siku. Mbona uti wa mgongo haufanyi hivyo? Swali hili limetuchelewesha chakula cha jioni mara nyingi, na wanaoishi bweni wanajua uzito wa maneno hayo.

Changamoto yetu ni vifaa. Rita Levi-Montalcini wa Italia, alipozuiwa chuoni na sheria za kibaguzi za 1938, alichunguza neva za viinitete vya kuku chumbani kwake Turin. Mwaka 1986 alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na Stanley Cohen, kwa ugunduzi wa vichocheo vya ukuaji. Mayai Moshi yapo. Tunaomba utusaidie kupata mashine ya kutotolesha na hadubini nzuri, na ikiwezekana utuombee nafasi tuitembelee hospitali ya KCMC.

Wazazi wenye bodaboda, ombi letu kwenu halimhitaji Mgeni Rasmi: nunueni helmeti ya pili, ya abiria.

Tunaomba kuwasilisha.