Sura mpya ya LibreOffice isikiache Kiswahili nyuma

Mhariri,

Nafurahi kuona programu huria ya LibreOffice, ya kuandikia barua na kufanya kazi nyingine za ofisini, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, ikizidi kuboreshwa mwonekano wake, hasa tangu toleo la 6.2 la mwaka 2019 lilipoleta vichupo, yaani vitufe vilivyopangwa kwa makundi, juu ya ukurasa kwa anayevitaka, bila kuwanyang'anya wengine menyu walizozizoea.

Uhuru huo wa kuchagua ndio ninaouthamini zaidi. Katika darasa langu la jioni, mama mmoja aliyezoea kubofya alama ya diski ili kuhifadhi barua zake alibaki ameduwaa, mkono juu ya kipanya, siku nilipombadilishia mwonekano. Nilipomrudishia menyu za zamani, alimaliza barua yake kabla ya wenzake.

Ombi langu ni kwamba maneno ya vitufe vipya yatafsiriwe mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili, na kazi ile, iliyodai kuafikiana istilahi neno kwa neno, haistahili kuachwa ichakae kila sura inapobadilika, ilhali wanafunzi wetu wa isimu na wa kompyuta wanaweza kuiendeleza kwa kujitolea.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro