Saa ya majibu ya vyuo vya Marekani iachwe ilivyo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba vyuo vikubwa vya Marekani vinawatesa watoto kwa ile tabia yao ya kutangaza siku na saa ambayo majibu ya walioomba mapema yatawekwa mtandaoni, halafu watoto wanakaa wamekodolea simu macho mpaka dakika ifike. Yeye anasema si wawatumie tu imeili moja yenye jibu, yaishe. Mi sikubaliani naye hata kidogo, ingawa uchungu wake nauelewa.

Kwanza tuwekane sawa maana haya mambo yanachanganywa sana. Vyuo vinavyochuja kwelikweli, akina Harvard, Yale, MIT, Brown na wenzao, vinapokea maombi kwa raundi. Wanaowahi wanatuma mwanzoni mwa Novemba, sehemu nyingi mwisho ni tarehe 1, na jibu lao linatoka Desemba, mara nyingi katikati ya mwezi. Wengine wote, yaani raundi ya kawaida, mwisho wao ni mwanzoni mwa Januari na wanajibiwa Machi huko. Sasa hesabu mwenyewe: mtoto akikosa katikati ya Desemba ana kama wiki mbili tu za kumalizia maombi ya vyuo vingine, insha zile, fomu za msaada wa ada, kila kitu. Kwa hiyo hiyo saa anayoilalamikia mwenzangu haikuwekwa kwa ajili ya drama, ni kwamba mtoto ajue kabisa siku fulani jioni nitakuwa nimejua hatma yangu, kesho yake naamka na kazi au naamka na sherehe. Imeili ya kuja wakati wowote, leo au keshokutwa au wiki ijayo, ndo mateso yenyewe hayo.

Na vyuo vingine, kwa mfano Brown na Cornell, ukiomba mapema unajifunga, ukikubaliwa unakwenda na maombi mengine yote unayafuta, labda tu msaada wa ada wanaokupa usitoshe. Harvard na Yale hawakufungi, unaweza kukaa na jibu lako mpaka tarehe 1 Mei ukilinganisha na mengine. Utaona basi kwamba jibu la Desemba kwa mwingine ni mwisho wa safari na kwa mwingine ni karata ya kwanza tu mezani.

Haya, utaratibu wenyewe wa kujulishwa. Imeili huwa inakuja, ila haina jibu! Inasema tu kuna badiliko kwenye maombi yako, ingia uangalie. Unaingia kwenye akaunti yako kwa neno la siri, barua iko humo. Mwenzangu anaona huu ni usumbufu, mimi naona ndo ulinzi, na historia iko upande wangu. Mwaka 2009 chuo kikuu cha California pale San Diego kilituma imeili ya hongera umekubaliwa kwa waombaji wote kama 46,000, wakati 28,000 kati yao walikuwa wameshakataliwa. Elfu ishirini na nane! Desemba 2014 Johns Hopkins wakaweka majibu ya mapema kwenye tovuti vizuri tu, Ijumaa, watoto wakalia waliolia, halafu Jumapili ikatoka imeili ya kuwakaribisha chuoni ikawafikia watu 294 ambao ama walikataliwa ama waliahirishwa, yaani jibu lao lilisogezwa mpaka raundi ya kawaida. Mtu ameshaanza kupoa unamfufua namna hiyo kisha unamuomba radhi, jamani. Carnegie Mellon nao mwaka 2015, waombaji wa shahada ya uzamili kama 800, hadithi ni ile ile. Zote hizo ni imeili za mkupuo, zikawafikia watu wasiohusika.

Najua nitaambiwa mbona Vassar mwaka 2012 kosa lilitokea kwenye tovuti yenyewe. Kweli, barua ya majaribio iliachwa pale, waombaji 122 wa raundi ya mapema wakaona wamekubaliwa, baadaye 76 wakaambiwa samahani hapana. Na kabla ya hapo, mwaka 2002, maofisa wa udahili wa Princeton waliingia kwenye tovuti mpya ya majibu ya Yale kwa kutumia taarifa za waombaji walioomba vyuo vyote viwili, ambazo walikuwa nazo wenyewe, tarehe za kuzaliwa na namba zao za hifadhi ya jamii, maana hizo ndo zilikuwa funguo wakati ule. Sisemi akaunti haina matatizo. Ila ya Vassar iliwagusa watu 122, ya San Diego ikagusa umati wa mji mzima, na funguo za siku hizi siyo tarehe ya kuzaliwa tena. Hata waombaji wenyewe si malaika, mwaka 2005 shule ya biashara ya Harvard iliwakatalia watu 119 kwa sababu walichungulia majibu kabla ya siku yake kupitia mwanya kwenye mfumo. Wengi wao walikuta ukurasa mtupu, ila adhabu ikawa ile ile. (Mimi niliona wamezidisha, lakini hilo tuliache.)

Wazee wenzangu mnakumbuka enzi za bahasha. Nene umepata, nyembamba umekosa, na postamani ndo alikuwa wa kwanza kujua. Aliye karibu na chuo anapata jibu Jumanne, aliye mbali wiki mbili baadaye. Aliyesema zamani kulikuwa na utu zaidi sijui anaongelea zamani ipi. Saa moja kwa wote, tajiri na maskini, wa New York na wa kijijini, hiyo ni haki ambayo posta haikuweza kuitoa.

Ninachokubali ni kwamba hiyo saa imepangwa kwa kuangalia saa ya ukutani kwao. Saa moja jioni ya pwani ya mashariki ya Marekani mwezi Desemba ni saa tisa usiku kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo mtoto wa huku anasoma jibu lake wakati nyumba nzima imelala. Na MIT wao wana utani wao, majibu ya raundi ya kawaida wanayatoa tarehe 14 Machi, kwao inaandikwa 3/14, kwa ajili ya ile namba ya duara 3.14, na saa wakaichagua 12:28 jioni, kwao wanaiandika 6:28, yaani mara mbili ya hiyo namba. Inachekesha ukiwa umekubaliwa. Pale chuo cha Yale, ukikubaliwa ukurasa unakuimbia wimbo wa chuo kabisa, matokeo yake mtoto aliye chumba cha pili akisikia kimya ameshajua mwenzake kakosa. Hiyo mbwembwe ndo ningeifuta ningekuwa na uwezo, siyo saa.

Jambo lingine kubwa ni lile jibu la tatu, kuahirishwa, na hapa ndo wazazi tunaharibu kweli. Siyo kukataliwa. Maana yake faili lako linarudishwa mezani pamoja na wa raundi ya kawaida, utapeleka matokeo ya nusu mwaka, na kama ulikuwa umejifunga sasa uko huru kuchukua chuo kingine. Vyuo vinaiandika kwa aya nne za maneno matamu kiasi kwamba mtoto anasoma mpaka chini hajui ashukuru au alie. Waandike sentensi ya kwanza: hatujakukatalia, hatujakukubali, jibu ni Machi, tutumie hiki na hiki mpaka tarehe fulani. Maneno matamu yafuate baadaye wakitaka.

Na hizo imeili za hongera na karibu chuoni wazicheleweshe hata siku tatu nne, orodha ipitiwe na watu wawili kabla ya kutumwa. Mtoto aliyekubaliwa ameshaona barua yake kwenye akaunti, hatapungukiwa na kitu.

Msomaji wenu wa siku nyingi