Kiwavi nyuma ya kinu

Kilifi, 9 Juni

Mwanaisha wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama anakuulizia kila Ijumaa.

Unaukumbuka ule mmea wa majani manene nyuma ya kinu cha mahindi, ukivunja jani linatoka utomvu mweupe kama maziwa? Bibi alitukataza kuugusa, tusije tukajipangusa macho. Jana nimekuta kiwavi juu yake, mistari myeusi, myeupe na ya manjano, anatafuna kama anakula mchicha. Nilichuchumaa pale mpaka jua likanichoma shingo.

Sumu ya mmea ule ni ndugu ya sumu ya msunguti, ile waliyopaka wazee kwenye mishale ya kuwindia ndovu. Zote hukamata pampu ndogo iliyomo katika seli, inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Ikikwama, moyo nao husimama. Wadudu wana pampu hiyohiyo.

Sasa anaponaje? Aliyechunguzwa sana ni binamu yake wa Marekani, kipepeo monaki. Pampu yake imebadilika mahali patatu, palepale sumu inaposhika, basi sumu inateleza. Mimi nilidhani kiwavi hujizoesha kidogo kidogo. Sivyo. Hapo kale wachache walizaliwa na tofauti ndogo katika jeni. Walikula wakaishi, wenzao wakafa, na walioishi ndio waliozaa.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha jinsi walivyowatia nzi wa matunda mabadiliko hayo matatu. Nzi wakaistahimili sumu kama monaki! Lakini lililoninyima usingizi ni hili: badiliko moja wapo, likiwa peke yake, linawadhuru. Ukiitikisa chupa yao, wanaanguka na kupooza kwa muda. Likifuatana na jingine, madhara yanapungua. Kinga ile ina gharama, Mwanaisha, na njia za kuifikia bila kujiumiza ni chache. Ndiyo maana mbawakawa na vidukari wanaokula mimea ya jamii hiyo, ambao hawana undugu wa karibu na vipepeo, wamebadilika sehemu zilezile za pampu, kila mmoja kivyake.

Kiwavi wangu nimemwacha alipo. Kesho alfajiri narudi kumtazama, na akianza kujining'iniza nitampiga picha nikutumie.

Wasalimie watoto.

Wako,
Kadzo