Uji wa shule na mtoto mwenye seliaki

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini makala mliyoitoa kuhusu watoto wenye ugonjwa wa seliaki imenikera kiasi cha kushindwa kunyamaza. Mwandishi wenu aliujaza ukurasa picha za mtoto aliyekonda, bila kutaja hata chakula kimoja ambacho mtoto huyo angekula akanawiri.

Binti yangu ana ugonjwa huo. Akila gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Daktari wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza tangu mwaka 1950 kwamba ngano inawadhuru watoto hawa, na hadi leo tiba ni kuiacha gluteni maisha yote. Kwetu hilo linawezekana: ugali wa mahindi, wali, ndizi, mihogo, maharage na dagaa havina gluteni. Binti yangu anakula hivyo, anacheza netiboli na kukua vizuri.

Kinachomwangusha ni uzembe wa watu wazima. Shuleni kwake niliahidiwa kwamba uji ni wa mahindi matupu, kisha siku moja akarudi tumbo limejaa kama ngoma, akaharisha usiku kucha na kukosa masomo. Nilipokwenda jikoni kuuliza, mpishi alinionyesha kiroba cha unga wa lishe uliochanganywa na ngano, na mwalimu wa zamu, aliyekuwa na cheti cha daktari kuhusu ugonjwa wa binti yangu mezani pake, akaniambia mbele ya mtoto wangu kwamba kidogo hakiui, nimzoeshe tu. Huwezi kumzoesha mtoto kitu kinachomjeruhi utumbo, Mhariri, na kuyasema maneno hayo akisikia ni kumfundisha kwamba maumivu yake ni deko.

Unga huo wa lishe nao unauzwa sokoni katika mifuko isiyo na maandishi yoyote, na muuzaji ukimuuliza kilichomo anakutajia nafaka kwa kukisia. Mashineni, ngano husagwa, kisha mahindi yakafuata papo hapo bila mashine kusafishwa.

Naomba kila shule inayopika uji ipeleke mahindi yake mashineni asubuhi, mashine ikiwa imesafishwa na kabla ngano haijapita, na itenge sufuria na mwiko vilivyopakwa rangi nyekundu kwenye mpini kwa ajili ya watoto hawa. Nanyi chapisheni orodha ya vyakula wanavyoweza kula, katika ukurasa uleule mliozitoa picha zile.

Mama wa mwanafunzi,
Morogoro